Dalili Nyepesi Wakati wa Janga: Ubaki Nyumbani au Uende Hospitali? Mwongozo Kamili

Takwimu za mwanzo za China, zilizotolewa Februari 2020 kuhusu wagonjwa zaidi ya 44,000 waliothibitishwa kuwa na Korona, zilionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100, 81 waliugua kwa kiasi, 14 walizidiwa na 5 walikuwa mahututi. Ushauri wa "baki nyumbani" unategemea hesabu ya namna hiyo. Wote mia wakimiminika hospitalini, wale 19 watakosa kitanda na oksijeni, na njiani virusi vitakuwa vimewapitia wajawazito na wazee waliokaa benchi moja nao.

Tatizo ni kwamba siku ya kwanza hakuna anayejua yuko kundi gani. Hata miongoni mwa wale 81 walikuwamo wenye nimonia nyepesi. Kwa hiyo kubaki nyumbani si uamuzi wa mara moja, kisha mtu akajifunika shuka. Unaamua upya kila asubuhi na kila jioni, kwa vitu vinavyohesabika: pumzi, joto, mkojo, na siku ya ngapi tangu uanze kuugua. Mwongozo huu umejengwa juu ya Korona, au UVIKO-19 kwa jina la rasmi Tanzania. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini kirusi chenyewe hakikuondoka, na janga lingine la njia ya hewa likija, hatua nyingi zitakuwa hizihizi.

Kwanza kabisa: ni mlipuko wa nini?

Ushauri wa kujiuguza nyumbani ni wa magonjwa ya njia ya hewa. Usiuhamishie kwenye kila tangazo la redioni. Kama kilichotangazwa eneo lako ni Ebola au Marburg, kama ilivyotokea Uganda mwaka 2022, Kagera mwaka 2023 na Rwanda mwaka 2024, homa na mwili kuuma si vitu vya kulala navyo chumbani. Kadiri mgonjwa wa magonjwa hayo anavyozidiwa ndivyo anavyoambukiza zaidi, na wa kwanza kuangukiwa ni anayempangusa matapishi na kumfulia shuka. Kaa peke yako, usiguswe, piga simu, subiri timu ije. Usipande bodaboda.

Kipindupindu nacho hakisubiri. Mtu mzima anayeharisha maji kama ya mchele anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Anza kumpa maji ya ORS palepale na safari ianze huku anakunywa.

Hatua ya 1: Dalili zisizo na mjadala

Ukiwa na mojawapo ya hizi, acha kusoma, tafuta usafiri:

- Huwezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, au unahema ilhali umekaa tu.
- Unapumua mara 30 au zaidi kwa dakika.
- Kifua kinabana au kinauma na hakiachii.
- Mgonjwa amechanganyikiwa, anasinzia kiasi cha kushindwa kuamshwa vizuri, amezimia au amepata degedege.
- Midomo, ulimi au kucha vimegeuka kijivu au bluu. Kwa ngozi nyeusi, angalia ulimi, ufizi na upande wa ndani wa kope la chini, tena kwa mwanga wa mchana, maana taa ya njano huficha.
- Anatapika kila anachomeza, au amemaliza nusu siku bila kukojoa.

Kwa mtoto ongeza haya: hawezi kunyonya au kunywa, amelegea, au mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Kupumua haraka kwa mtoto kuna viwango vyake: chini ya miezi 2, mara 60 au zaidi kwa dakika, miezi 2 hadi 11, mara 50 au zaidi, mwaka 1 hadi 5, mara 40 au zaidi. Mtoto wa umri huo aliyefikisha kiwango chake apelekwe hata kama anacheza. Mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye homa apelekwe siku hiyohiyo, pumzi iwe ya kawaida au isiwe.

Kuhesabu pumzi ni kazi rahisi ambayo watu wengi huikosea. Mgonjwa apumzike kwanza dakika kumi, akae ameegemea. Usimwambie unahesabu, kwa sababu mtu akijua pumzi yake inaangaliwa huibadilisha bila kutaka. Mshike kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo, macho yako yawe kifuani au tumboni, na kila kinapopanda hesabu moja. Hesabu dakika nzima. Wanaohesabu sekunde kumi na tano na kuzidisha kwa nne hukosea kirahisi: ukipitwa na pumzi moja, jibu linapungua nne. Mtoto ahesabiwe akiwa ametulia, halii wala hanyonyi; akilala ndiyo bora zaidi. Mtu mzima mwenye afya hupumua mara 12 hadi 20. Akivuka 24 akiwa amepumzika, piga simu kituoni siku hiyo, hata kama anasema yuko sawa.

Hatua ya 2: Homa yetu ni malaria mpaka kipimo kikatae

Hapa ndipo ushauri ulionakiliwa kutoka Ulaya unapoua watu. London mtu mwenye homa na maumivu ya mwili anaweza kulala siku tatu akisikilizia. Morogoro, Kisumu, Geita au Lindi, siku tatu zinatosha malaria kupanda kichwani, na kwa mtoto mdogo hata siku moja inaweza kutosha. Kuanza kwa magonjwa haya mawili hakutofautiani: homa, kichwa, viungo, uchovu. Kooni kuwasha, mafua na kupotewa na harufu huelekea kwenye ugonjwa wa njia ya hewa. Baridi ya kutetemesha ikifuatiwa na jasho jingi huelekea malaria. Elekeo hilo lisikufanye uache kupima, maana mtoto anaweza kuwa na vyote viwili.

Kanuni ni hii: ukiishi penye malaria, au umetoka huko katika wiki chache zilizopita, homa ipimwe malaria ndani ya saa 24. Mkazi wa Nairobi aliyerudi juzi kutoka Busia au Kilifi yumo humo. Hiyo ndiyo safari moja ambayo hata "kubaki nyumbani" kunairuhusu. Vaa barakoa, nenda zahanati iliyo karibu, kwa miguu ukiweza, na ukifika sema mlangoni kwamba una homa na kikohozi ili usubirishwe nje penye hewa. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu kwa takriban dakika 20.

Makosa mawili hujitokeza hapa. La kwanza ni kumeza dawa mseto bila kupima. Homa ikishuka kwa sababu ya paracetamol, mtu anajitangazia kuwa ilikuwa malaria, anarudi kazini na kuwaambukiza wenzake Korona. La pili ni kupata jibu la malaria na kusahau kikohozi. Malaria ikionekana, maliza dozi zote sita za ALu, yaani hiyo dawa mseto, kwa siku tatu, pamoja na chakula, lakini endelea kujitenga kama kooni na kifuani kuna dalili.

Kuhusu kipimo cha haraka cha Korona cha puani: kikisema unao, kiamini. Kikisema huna siku ya kwanza au ya pili, bado hakijakufungulia mlango. Rudia baada ya saa 48.

Kabla hujaondoka zahanati, kama umeajiriwa, omba karatasi ya mapumziko, ile ambayo Tanzania wengi huiita ED. Sababu iko mwishoni mwa mwongozo huu.

Hatua ya 3: Mgonjwa ni nani?

Dalili zilezile hazina uzito uleule kwa kila mtu. Mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, mjamzito, mwenye kisukari, presha, pumu, selimundu, ugonjwa wa moyo au figo, saratani, aliyewahi kuugua kifua kikuu kikamharibu mapafu, mwenye unene uliopitiliza, au anayeishi na VVU ambaye virusi vyake havijafubazwa: hawa wapige simu kituoni siku ya kwanza, hata kama ni koo tu. Hilo halina maana kwamba watalazwa. Ni kwa sababu dawa za kuzuia kirusi zisizidi nguvu, pale zinapopatikana, zinatakiwa zianze ndani ya siku 5 tangu dalili ya kwanza. Anayesubiri mpaka azidiwe amekwisha kupitwa na muda huo.

Dawa za kila siku haziachwi. Hesabu vidonge vya ARV, presha na kisukari siku hiyohiyo. Kama havifiki wiki mbili, mtume mtu akavichukue. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi kuliko kawaida, kwa sababu maambukizi huipandisha hata kama hajala, na insulini haisimamishwi. Akianza kutapika, asiendelee kukisia, apige simu.

Hatua ya 4: Nyumba inakuweza?

Juni 2020 Kenya ilitoa utaratibu wake wa kuwahudumia wagonjwa wa Korona nyumbani, na swali lililowasumbua wengi lilikuwa chumba. Mwongozo wowote husema mgonjwa awe na chumba chake na choo chake. Nyumba ya kupanga yenye familia sita, uani mmoja na choo kimoja haimpi mtu hivyo. Basi tuanze na kilichopo.

Kama kuna chumba cha peke yake: dirisha wazi, mlango umefungwa, chakula kiachwe mlangoni. Kama ni chumba kimoja kwa watu wote, kinachosaidia kuliko vyote ni hewa. Fungua dirisha na mlango vilivyoelekeana ili upepo upite. Mgonjwa alazwe upande ambako upepo unatoka kwenda nje, si unakoingilia, vinginevyo pumzi yake itapita kwa kila aliyelala. Kujua upande huo, shika uzi au kipande cha khanga dirishani uone kinapepea kwenda wapi. Nafasi kati yake na wengine isipungue mita moja; ikishindikana kabisa, laleni mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwingine, wote na barakoa. Pazia la shuka halizuii hewa. Chandarua kinabaki palepale. Mbu hawakusimamisha kazi.

Mchana mgonjwa akae nje kivulini kadiri anavyoweza. Nje ni salama mara nyingi kuliko ndani, na wengi husahau hili kwa sababu "mgonjwa" kwetu ni mtu wa kulala chumbani giza.

Choo cha pamoja: mgonjwa aingie wa mwisho inapowezekana, akiwa na barakoa, na akitoka apanguse komeo, bomba na mpini wa ndoo. Dawa ya kupangusia ni JIK iliyochanganywa. Soma chupa, nyingi zina klorini ya asilimia 3.5. Kwa hiyo, vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, kwenye lita moja ya maji baridi vinatosha. Futa uchafu kwanza kwa maji ya sabuni, kisha paka JIK uiache ikauke yenyewe. Ukiipangusa papo hapo umefanya kazi bure. Tengeneza mpya kila siku. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo, hasa zenye tindikali, kwa sababu hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Mikono inaoshwa kwa sabuni ya kawaida na maji, si JIK. Kibuyu chirizi kilichofungwa karibu na mlango hutatua tatizo la watu wote kushika bomba moja. Vyombo vya chakula havihitaji sherehe: sabuni na maji vinatosha.

Mhudumu awe mmoja, kijana, mwenye afya. Na bibi je? Familia nyingi humpakia kwenye basi kwenda kijijini. Mgonjwa wa Korona huanza kuambukiza siku kama mbili kabla ya dalili, hivyo bibi anaweza kuwa ameshapata. Ukimsafirisha, unampeleka mbali na hospitali yenye oksijeni, na ugonjwa unaenda naye. Mhamishie chumba cha jirani au nyumba ya ndugu iliyo mtaa huohuo, naye ahesabiwe siku zake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya usiku wa kwanza: kipimajoto, paracetamol za miligramu 500 vidonge 20 hadi 30, pakiti sita za ORS, barakoa za kutosha wawili, sabuni, JIK, vocha ya simu, kadi ya bima, daftari na kalamu. Kisha nauli ya usiku iliyowekwa kando isiyoguswa, na namba ya dereva aliyekubali kuitwa saa 8 usiku. Mpigie mchana umuulize. Dereva wengi hukubali mchana na kuzima simu usiku, kwa hiyo uwe na wawili.

Kama huna mtu wa kukuangalia, chumba hakina dirisha na una mojawapo ya magonjwa ya Hatua ya 3, nyumba haikuwezi. Mwambie mhudumu wa afya wa kituo hivyohivyo, bila kuona haya. Hiyo nayo ni sababu ya kulazwa au kupelekwa sehemu ya kutengwa.

Hatua ya 5: Daftari

Siku dalili ilipoanza ni siku ya 0. Kesho yake ni siku ya 1. Andika saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, mstari mmoja tu:

*Siku ya 6, asubuhi. Joto 37.9. Pumzi 20. Oksijeni 95. Mkojo mara 3 tangu jana jioni. Uji kikombe, chai. Kupanda ngazi anahema.*

Maneno matatu ya mwisho hapo ni ya thamani kuliko namba zote. Mtu aliyepanda ngazi hizo jana bila shida na leo anahema, ana habari ambayo kipimajoto hakina.

Siku za kuogopa ni ya 5 hadi ya 10. Mwanzoni kirusi ndicho kinachosumbua. Baadaye ni kinga ya mwili yenyewe inayovimbisha mapafu. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuamka siku ya 4 akiwa na nafuu, akaomba ugali, kisha siku ya 7 akaanza kukosa pumzi. Nafuu ikifuatiwa na kurudi nyuma ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Aina ya Omikroni iliwapitia wengi kwa upole zaidi, hasa waliochanjwa, lakini kanuni hii haikufutwa.

Ukiweza kupata oksimita, kile kidubwasha cha kubana kidole, itumie hivi. Kaa dakika tano. Mkono uwe na joto. Ukiwa baridi usugue. Ondoa rangi ya kucha, na kidole kisiwe na hina nyeusi wala piko, maana mwanga hupita humo vibaya. Harusi zetu zimewaacha kinamama wengi na vidole visivyosomeka, basi tafuta kimoja kisichopakwa, hata cha mguuni. Bana kidole cha kati, subiri dakika nzima hadi namba itulie, ndipo uandike. Mashine hutoa namba mbili. Ya mapigo usiichanganye na ya oksijeni.

95 hadi 100 ni sawa. 93 au 94, pima tena baada ya saa moja. Ikibaki hapo, piga simu. 92 kushuka chini, nenda. Chini ya 90 ni dharura. Anayeishi juu, kama Nairobi au Njombe, huweza kusoma pointi moja au mbili chini ya mtu wa Mombasa, na ndiyo maana ni vizuri kujua namba yako ukiwa mzima. Kushuka pointi tatu au nne kutoka kwenye namba yako kuna maana hata kama bado iko 94. Tena kifaa hiki huwakosea zaidi watu weusi: utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa weusi walikuwa na upungufu wa oksijeni uliofichwa na kifaa karibu mara tatu ya wazungu. Ukiona 94 na mgonjwa anahema, amini kuhema.

Huna oksimita? Hesabu ya pumzi inatosha kuamulia. Lile zoezi la kubana pumzi sekunde 10, lililosambazwa sana WhatsApp mwaka 2020, halipimi lolote; kijana mwenye Korona hulimaliza na mzee mzima hulishindwa.

Hatua ya 6: Dawa na vitu vya mitaani

Paracetamol kwa mtu mzima: kidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji sana au mwenye uzito mdogo aulize kwanza kiasi chake, kwa kuwa kikomo chake ni cha chini. Kwa mtoto ni kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi, na mtoto hapewi aspirini. Hatari ya kawaida ni kuzidisha bila kujua: dawa nyingi za mafua za unga na za vidonge ndani yake mna paracetamol ileile. Soma boksi, na angalia pia kama mna aspirini. Maji, uji mwepesi, supu, madafu: kunywa mpaka mkojo uwe wa njano hafifu. Asali kijiko kimoja hutuliza kikohozi, isipokuwa kwa mtoto chini ya mwaka mmoja. Amka utembee kidogo kila baada ya saa moja au mbili. Kulala siku nzima huweza kugandisha damu miguuni.

Deksamethasoni ndiyo dawa inayotumiwa vibaya kuliko zote. Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba inaokoa maisha ya wagonjwa wanaohitaji oksijeni, na habari ikafika maduka ya dawa bila nusu yake ya pili: wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia, na ilielekea kuwadhuru. Hushusha kinga wakati kirusi bado kinazaliana, na hupandisha sukari. Anayejisikia nafuu siku ya 3 kwa sababu ya deksa anaweza kuwa amefuta dalili tu. Azithromaisini na amoksilini ni antibayotiki, haziui virusi. Aivamektini, dawa ya minyoo, WHO ilishauri Machi 2021 isitumike kwa Korona nje ya majaribio.

Kisha kujifukiza. Nyungu ya mwarobaini, mchaichai na majani ya mlimao hufungua pua na kumpa mtu faraja, na hakuna haja ya kumkejeli anayeipenda. Lakini mvuke haumfikii kirusi aliye ndani ya chembe za mwili. Joto la kumuua lingeanza kuua koo lako. Madhara yanayoonekana ni ya kawaida sana: sufuria kupinduka mapajani, watoto kuungua. Kubwa zaidi ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa au chini ya blanketi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Oksimita haiwezi kuitofautisha na oksijeni. Itakuonyesha 98 huku mtu anakufa. Ukijifukiza, chemsha nje, ulete maji bila jiko, weka beseni sakafuni, dirisha wazi, mlango haujafungwa, dakika chache, na usiwahusishe watoto wala mtu anayehema. Na kila mmoja peke yake: familia nzima chini ya blanketi moja na mgonjwa ni kugawana virusi kwa upendo.

Hatua ya 7: Usiku wa kuondoka

Swali moja liulizwe kabla ya siku ya 5, kwa simu, mchana: "Leo mna oksijeni?" Kituo cha karibu kisicho na oksijeni kitakupa rufaa saa 9 usiku na utalipa nauli mara mbili. Wakati wa Korona, Tanzania ilitumia namba 199 na Kenya 719 kwa maswali kama haya. Janga jipya likitangazwa, andika namba iliyotolewa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Anayehema asipakiwe bodaboda. Akizimia njiani ataanguka. Bajaji au teksi, madirisha wazi, wote na barakoa, mgonjwa akiwa ameketi wima. Beba daftari, dawa zake zote kwenye mfuko, kadi ya bima, chaja, maji, na msindikizaji mmoja. Ukifika mpe muuguzi daftari kabla hujaanza kueleza. Hapo atajua kwa kutazama mara moja kwamba pumzi zilikuwa 18 juzi na sasa ni 28.

Hatua ya 8: Kutoka na kurudi kazini

Ushauri wa WHO wa Januari 2023 ni siku 10 tangu dalili kuanza, kwa asiyepima. Aliyepimwa kwa kipimo cha haraka na kuonekana hana aweza kutoka mapema. Marekani tangu Machi 2024 inasema saa 24 bila homa, bila kutumia dawa ya kushusha homa, na dalili zikiwa zinapungua. Kisha siku 5 za tahadhari na barakoa. Anayeishi na bibi au mjamzito, au anayefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, ashike zile 10. Mama ntilie au kibarua asiyeweza kukaa siku 10 bila kula, asidanganywe kwamba basi yote ni bure: siku mbili kabla ya dalili na zile tano za mwanzo ndizo zenye maambukizi mengi. Azikae hizo tano, kisha arudi na barakoa, afanyie kazi nje, asipike akiwa anakohoa.

Walioajiriwa wana haki ambayo wengi hawaidai. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kila mwaka. Zote zinadai cheti cha daktari, na aliyejiuguza nyumbani hana cheti. Ile safari ya kupima malaria siku ya kwanza ndiyo ilikuwa nafasi yako ya kukipata. Kama ulisahau, rudi kituoni mapema na daftari lako. Kupewa cheti cha kurudisha tarehe nyuma baada ya wiki mbili ni vigumu, na mtabibu mwaminifu atakataa.

Kikohozi kinaweza kubaki baada ya kila kitu kuisha, na uchovu pia. Rudi kwenye kazi nzito kidogokidogo. Kifua kikibana au moyo ukienda mbio kupita kazi unayofanya, simama na ukapimwe. Na kikohozi kikipita wiki mbili, kiitwe masalia ya Korona au kisiitwe, peleka makohozi yakapimwe kifua kikuu. Katika vituo vya serikali kipimo hicho ni bure.